Viti Nilivyosemwa Nimevinywa

Wiki iliyopita mliniacha nimelala juu ya keki ya harusi ya watu. Ahsanteni kwa kurudi. Keki yenyewe haikurudi.

Kwa yule aliyefungia nyama gazeti lile kabla hajalisoma, nimpe kwa ufupi. Mimi ni Nicanor, wa jiji la Puebla, mkodishaji wa viti na meza za sherehe. Kazi hii ina ubaya mmoja. Ukishapeleka viti, lazima ungoje sherehe iishe uvichukue, na Puebla hakuna sherehe inayomwacha mtu angoje kwa kunywa maji. Nikangoja hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka mke wangu Obdulia akanikokota kanisani nikaapa mbele ya Bikira, kama tunavyoapa huku mambo yakishatushinda: sitagusa kileo mpaka tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya padri.

Na sikugusa! Kadi ile niliiheshimu kuliko kitambulisho. Kosa langu ni kwamba tarehe niliichagua mwenyewe bila kutazama kalenda, nayo ikaangukia harusi ya jirani. Kiapo kikaisha, nami nikalipa deni la miezi yote kwa mkupuo mmoja. Kulipokucha, nilikuwa kwenye keki.

Obdulia hakunipiga. Afadhali angenipiga, ningejua anamaliza lini. Alinikalisha jikoni huku sukari ya keki ikiwa bado sikioni mwangu.

"Yareli anatimiza miaka kumi na mitano," akasema.

"Najua, mama Yareli. Si binti yangu?"

"Nani atacheza naye valsi?"

Kwetu msichana akifika umri huo hufanyiwa karamu kama harusi isiyo na bwana harusi, na dansi ya kwanza, valsi, ni ya baba. Baba aliyekufa husamehewa. Baba aliye hai akakalishwa pembeni, huyo mji mzima utamwimba mpaka azeeke.

"Mimi," nikasema.

"Fulgencio."

Fulgencio ni kaka yake. Anauza viatu, na hutembea kama mtu anayevionyesha.

"Obdulia, niko chini ya miguu yako. Kesho naenda kwa padri naapa upya."

"Viapo basi! Wewe ukiapa unahesabu siku kama mfungwa, siku ya kutoka unavunja mji. Nenda kwenye kikundi. Ukae na walevi wenzako, wakuchambue mpaka mfupa. Siku ya kupima gauni nitakutazama machoni, ndipo niseme nani anacheza."

Pembeni, mama mkwe wangu, Donya Hermelinda, alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Mtu aliyekunywa viti," akasema, "ataacha nini?"

Hapo pana kisa. Mwaka uliopita viti vyangu dazeni nzima vilitoweka ghalani. Mama mkwe akatangaza sokoni, kwa wauza pilipili mpaka kwa wauza maua, kwamba nimeviuza nikavinywa. Nami ningebisha nini? Wiki ile sikukumbuka hata rangi ya paa langu. Nikaamini. Niliviomba radhi mpaka vile viti vilivyobaki.

Basi nikaanza kutafuta kikundi. Mtaani kwetu kipo, juu ya duka la dawa, lakini dirisha lake linatazama kibanda cha tamale za mahindi, na foleni ya tamale ina macho kuliko polisi. Nikaamua kwenda upande wa pili wa jiji, nisikojulikana. Mtu akanielekeza: ukiona mlango wazi, viti vya plastiki, birika kubwa la kahawa na mtu mzima analia, ingia.

Nikauona mlango. Viti vipo, birika lipo, mama mmoja analia kwa kwikwi. Nikaingia, nikasimama katikati, nikafumba macho.

"Jina langu ni Nicanor, na mimi ni mlevi! Nimelala kwenye keki! Nimekunywa viti vyangu!"

Mzee mmoja akaweka kikombe chini taratibu.

"Karibu, bwana. Hapa kila mtu analewa kidogo, lakini hiki ni kikao cha kuandaa sikukuu ya Mtakatifu Antoni."

"Na huyu mama?"

"Fataki za mwaka jana zilimchomea kibanda."

Nikageuka niondoke. Mzee akanishika mkono. "Ngoja kwanza. Jamani, tangu lini tumepata mtu mkweli namna hii? Sisi kila mwaka mtunza bia wetu anaapa hanywi, na kila mwaka bia inakwisha kabla ya misa. Huyu kajitangaza mwenyewe!"

"Hapana, wazee wangu, hamjanielewa..."

"Tena mnyenyekevu! Una ghala?"

"La viti, lakini..."

Wakapiga makofi. Hivyo ndivyo mlevi mmoja, akiwa njiani kwenda kuacha pombe, alivyokabidhiwa bia ya mtaa mzima. Kesho yake mkokoteni ulileta kreti mpaka nikakosa pa kuweka meza. Nilizifunika turubai, nikazipa kisogo. Kumbukeni hizo kreti. Mimi nilizisahau, na ndipo nilipokosea.

Kikundi cha kweli nilikipata siku ya tatu, juu ya duka la kuchoma tortilla, chapati zetu za mahindi. Joto la majiko hupenya sakafuni, na wenyeji husema wanafanya mazoezi ya jehanamu mapema. Mwenyekiti ni Don Cástulo, muuza nyama mstaafu mwenye sauti ya ng'ombe. Alinikumbatia kabla hajaniuliza jina.

"Keti, ndugu. Leo usiseme kitu. Sikiliza tu."

Nikavuta kiti. Nikaona maandishi mgongoni mwake, rangi nyekundu, herufi nilizozichora kwa mkono wangu: NICANOR – VITI NA MEZA.

Nikatazama kiti cha jirani. NICANOR. Cha mbele. NICANOR. Safu nzima ya walevi ilikuwa imenikalia.

"Don Cástulo," nikanong'ona, "viti hivi mmevipata wapi?"

"Zawadi, ndugu! Ya dada mmoja, mwenzetu wa miaka mingi. Tulikuwa tunakaa kwenye ndoo. Mtu wa Mungu yule, utamwona. Huyo anapanda."

Mwanamke aliyejitanda mtandio wa kijani alikuwa anakwenda kwenye mimbari ya mbao. Akaufunua mtandio. Akaishika mimbari kwa mikono miwili.

"Jina langu ni Hermelinda," akasema mama mkwe wangu, "na mimi ni mlevi."

"Karibu, Hermelinda!" wakaitikia wote.

Mimi nilikuwa nimeshajitupa chini ya kiti. Kiti changu mwenyewe, jamani.

Na maneno niliyoyasikia nikiwa pale chini! Kwamba alipofiwa na mumewe alianza kunywa mezkali, pombe kali ya huku, akiificha kwenye chupa ya maji ya baraka, chini ya picha ya Bikira, na nyumba nzima ikadhani amezama katika sala. Kwamba binti yake alipoolewa na mlevi, yeye alifurahi rohoni.

"Nilifurahi, ndugu zangu! Mradi yule mpumbavu ananuka, nani atakuja kuninusa mimi? Kila nilipoanguka, nilimtukana yeye. Alikuwa mwavuli wangu. Sasa nimeacha, miaka inakwenda, lakini kumtukana sijaacha. Hata hivi viti mnavyovikalia, nilimwibia mwenyewe, nikasema kavinywa, na yeye masikini akaamini..."

Nilitoa kichwa. Sikukusudia, shingo ilijitoa yenyewe. Macho yetu yakakutana.

"Na... na muda wangu umekwisha," akasema.

"Bado, dada!" Don Cástulo akanguruma. "Kengele sijapiga!"

"Umekwisha!"

Tulikutana kwenye ngazi. Yeye juu, mimi chini, wote tunahema.

"Mama," nikasema.

"Usiniite mama hapa. Hapa mimi ni dada Hermelinda."

"Dada Hermelinda, viti vyangu."

"Punguza sauti, mwanaharamu! Linalosemwa mle linabaki mle. Ndiyo sheria."

"Mwaka mzima nimetembea kichwa chini mbele ya wauza pilipili!"

"Kwani ulikuwa hunywi?"

Nilikuwa nakunywa. Ila siyo viti.

Na hapo Don Cástulo akatufuata, uso unang'aa kwa wema, wala hajui tunahusiana vipi. Mgeni, akasema, lazima apewe mlezi, mtu wa kumpigia simu kiu ikimkaba. Kwa kawaida mwanamume hulelewa na mwanamume, lakini wanaume wote tayari wana watu wa kuwalea. Ila dada Hermelinda yuko wazi, na ameiva kweli kweli.

"Mnaelewana?" akauliza.

"Sana," tukajibu kwa pamoja, kila mmoja akitamani kumsukuma mwenzake ngazini.

Akaondoka. Nikamuuliza mama mkwe, "Kwa hiyo kiu ikinishika nikupigie wewe?"

"Mimi."

"Na ikinishika kwa sababu yako?"

"Piga vilevile."

Sasa cheka, lakini lilifanya kazi. Nilimpigia nikiwa harusini, nikiwa kwenye kipaimara, mara moja nikiwa nimejifungia chooni kwa watu, mkononi nimepewa glasi ya tekila na bwana harusi mwenyewe. "Mwaga," akaniambia. "Wapi?" "Si uko chooni, punguani?" Nikamwaga. Nyumbani alinitukana kama kawaida, Obdulia asije akashuku, lakini chini ya meza mguu wake ulikuwa unanisukumia kikombe cha kahawa.

Jioni moja, wenzetu walipokwisha kuondoka, akaanza kusukuma viti ukutani.

"Simama. Nimekuona ukicheza. Unacheza kama mtu anayeua mende."

"Dada Hermelinda, bado sijaambiwa kama nitacheza."

"Utacheza. Na hutaniaibishia mjukuu. Shika kiuno."

"Cha nani?"

"Cha Bikira! Shika kiuno changu, mkwe, tumalize."

Hebu fikirieni. Kumshika mama mkwe kiuno! Nilimshika kama mtu aliyeshikishwa sufuria la moto. Tukazunguka, moja mbili tatu, huku tortilla zikinukia chini na yeye akinitukana kwa kila hatua. Jioni iliyofuata tena. Na iliyofuata. Jioni moja nikamuuliza kwa nini asimwambie tu Obdulia ukweli, maana ameshaacha miaka mingi, aibu ya nini?

Akanizungusha mara moja.

"Mezkali ndiyo iliyomwua baba yake," akasema. "Siku ya mazishi Obdulia alinikumbatia, akaniambia: namshukuru Mungu nimebakiwa na mzazi mmoja asiyekunywa. Chupa ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu, Nicanor. Alinikumbatia mpaka ikanichoma ubavuni." Akanikanyaga. "Kushoto! Kushoto, ng'ombe wewe!"

Ikafika siku ya kupima gauni.

Yareli alikuwa amesimama juu ya kigoda sebuleni, ndani ya gauni la waridi lenye marinda juu ya marinda. Keki kubwa kuliko ile, na safari hii nilikuwa naitazama nikiwa na akili zangu. Obdulia alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni. Mama mkwe alikuwa ameketi dirishani, anatunga uzi kwenye sindano, kapu lake la sokoni miguuni.

Nikasimama mlangoni. Nimenyoa, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa.

Obdulia akatoa pini mdomoni, akanisogelea. Akaninusa shingoni, akaninusa mdomoni. Akanitazama machoni, muda mrefu, na nikaona kitu usoni mwake ambacho sikuwa nimekiona tangu tulipokuwa wachumba.

"Umekwenda kweli?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kila jioni."

"Baba mikono yake haitetemeki," Yareli akasema kutoka juu. "Mama, muone."

"Naona, mwanangu." Obdulia akajifuta jicho kwa kiganja. "Basi, Nicanor, mimi nasema..."

"Usiseme kwanza, dada!"

Fulgencio. Aliingia na viatu vya rangi mbili, akasimama katikati ya sebule kama wakili wa kwenye sinema.

"Mwulize shemeji ghalani kwake kuna nini chini ya turubai."

Ndipo nikazikumbuka zile kreti.

"Kuna nini?" Obdulia akauliza.

"Bia! Kreti mpaka darini!"

"Hizo ni za Mtakatifu Antoni!" nikapiga kelele.

"Mtakatifu Antoni?" Fulgencio akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada, umesikia? Safari hii anakunywa na watakatifu!"

"Obdulia, nilipewa nizitunze. Nilikwenda kwenye kikao, nikajitangaza kuwa mimi ni mlevi, wao wakaona mimi ni mtu mwaminifu, ndipo..."

Niliposikia sentensi yangu mwenyewe, nikaiacha njiani. Hata mimi nisingeiamini.

"Hilo ni dogo," Fulgencio akaendelea. "Nimemfuata. Kikundi, kikundi, kikundi gani? Kuna duka la tortilla, upande wa pili wa jiji. Juu kuna dirisha. Jana nimesimama ng'ambo ya barabara nikamwona kwa macho yangu haya. Anacheza valsi, dada! Taa imewaka, kamkamata mwanamke kiuno, wanazunguka kama njiwa."

Pini zikamwagika sakafuni.

"Mwanamke?"

"Uso sikuuona, kajitanda mtandio wa kijani. Lakini kiunoni alikuwa amekamatwa barabara."

Nilitazama dirishani. Mama mkwe alikuwa bado anatunga uzi, ila sindano ilishaanguka zamani, alikuwa anatunga hewa. Na kwenye kapu miguuni pake, katikati ya giligilani na vitunguu, ukingo wa mtandio wa kijani ulikuwa umechungulia. Akausukuma ndani kwa kidole cha mguu.

"Nicanor," Obdulia akasema. Hakupandisha sauti. "Ni nani?"

Jina moja tu. Ningelitaja hilo jina, ningepata valsi yangu, viti vyangu, na heshima yangu mbele ya wauza pilipili wote wa Puebla. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi. Nikamwona mama mkwe amejishika ubavu, pale pale ilipomchoma ile chupa.

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Mambo ya kule hayatoki kule, Obdulia. Ndiyo sheria. Mimi nasema yangu, ya mwenzangu sisemi."

"Mwenzako!" Fulgencio akasema. "Kumbe ana jina!"

"Baba," Yareli akasema. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye marinda mapya. "Baba, sema tu siyo kweli kwamba ulikuwa unacheza."

"Nilikuwa nacheza, mwanangu."

Obdulia akainama, akaanza kuokota pini. Moja moja, bila kunitazama.

"Fulgencio," akasema, "una suti nyeusi?"

"Ninayo, dada. Nimeshaipeleka kwa dobi."

Nikarudi nyuma kuelekea mlangoni. Mkono wangu ulikuwa umeshagusa kitasa niliposikia kiti kinaburutwa.

Mama mkwe alikuwa amesimama. Alikuwa amekigeuza kiti chake, akakishika mgongo kwa mikono miwili, vidole vimekaza mpaka vikawa vyeupe. Kapu lilikuwa limepinduka, vitunguu vinabingirika sebuleni, na mtandio wa kijani ulikuwa begani mwake.

Fulgencio akautazama mtandio. Tabasamu likamkauka kama tortilla ya jana.

"Mama, kaa chini," nikasema. "Kaa, tafadhali."

Hakunisikia, au alijifanya hakusikia.

"Jina langu ni Hermelinda," akasema, "na..."

Obdulia akainua kichwa kutoka sakafuni, pini kiganjani. "Mama, vipi? Jina lako tunalijua."

Mle ndani watu wawili tu tulijua nusu ya pili ya sentensi ile. Midomo yangu, kwa mazoea, ilikuwa imeshafunguka kuitikia.

Juu ya kigoda, Yareli alifuta machozi kwa rinda la gauni.

"Na nini, bibi?" akauliza.